Meli zikikwepa vita, Sericho hulipa nauli

Sericho haina bahari. Wadi hiyo ya Kaunti ya Isiolo, katika eneo la Garbatulla, ni nchi kavu ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na maji yanayotajwa zaidi huko ni ya mto Ewaso Nyiro na ya visima. Hata hivyo, bahari imo katika kila duka la rejareja. Unga wa ngano aghalabu umetokana na nafaka iliyovuka Bahari Nyeusi. Mchele wa bei nafuu hutoka Pakistan. Mafuta ya kupikia yamekamuliwa kwa mawese ya Malaysia na Indonesia. Lori lililozileta bidhaa hizo lilichoma dizeli iliyoshushwa Mombasa, na dizeli iyo hiyo ndiyo inayoendesha jenereta za visima vingi vya kaskazini mwa Kenya.

Ndiyo maana mjadala kuhusu usalama wa meli za kibiashara zinazopita katika maeneo ya vita haufai kuachiwa maafisa wa bandari, mawakala wa bima na makamanda wa majeshi ya wanamaji pekee. Huzungumzwa London, Dubai na Mombasa kana kwamba ni jambo la mali ya matajiri. Ukiutazama kutoka Sericho, swali hugeuka: je, mwenye meli atakubali kupakia shehena inayokusudiwa watu maskini kabisa, na atadai malipo gani ya ziada?

Swali hilo liliulizwa kwa uzito miaka ishirini iliyopita. Mnamo Juni 27, 2005, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Semlow iliyokuwa imeondoka Mombasa na tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mchele huo ulikuwa wa Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Nahodha alikuwa raia wa Sri Lanka, mhandisi Mtanzania, na mabaharia wanane waliosalia walikuwa Wakenya. Walizuiliwa kwa takriban siku mia moja. Meli ya pili iliyobeba chakula cha shirika hilo, MV Miltzow, ilivamiwa huko Merka mnamo Oktoba. Februari 2007 ikafuata MV Rozen, iliyotekwa ikirejea baada ya kushusha chakula kaskazini mwa Somalia. Mei mwaka huo mlinzi mmoja aliuawa maharamia walipojaribu kuiteka MV Victoria, meli nyingine iliyotumiwa na WFP.

Ikumbukwe kwamba meli hizi hazikuwa majitu ya baharini. Nyingi zilikuwa meli kuukuu, zenye mwendo wa kobe, zinazomilikiwa au kuendeshwa na wafanyabiashara wa Mombasa, ambao walikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuingia bandari za Somalia. Wao nao walipoanza kusita, WFP ilitangaza mwaka 2007 kwamba idadi ya meli zilizokuwa tayari kubeba chakula chake kwenda Somalia ilikuwa imepungua kwa nusu. Wakati huo sehemu kubwa mno ya chakula hicho ilipita baharini, kwa sababu njia za nchi kavu zilijaa vizuizi vya wanamgambo, na kila kizuizi kilidai ushuru wake.

Hapo ndipo somo kuu lilipopatikana. Maharamia waliziteka meli tatu nne. Hofu ilizifungia bandarini meli nyingi zaidi ya hizo. Chakula kilikuwa ghalani, fedha za kukinunua zilikuwa zimetolewa, na waliokihitaji walijulikana kwa majina. Kilichokosekana ni mwenye meli wa kusema ndiyo.

Jibu lilikuwa sahili. Kuanzia Novemba 2007 manowari za Ufaransa zilianza kuzisindikiza meli za WFP kutoka Mombasa, na baadaye Denmark, Uholanzi na Canada zikashika zamu. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya Atalanta, na kazi yake ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kuzilinda meli za chakula cha msaada. Kwa mujibu wa Umoja huo, hakuna meli ya WFP iliyotekwa ikiwa chini ya ulinzi wake. Ni mafanikio ambayo hayajatangazwa vya kutosha, labda kwa kuwa meli inayofika salama haiandikwi katika ukurasa wa kwanza. Maersk Alabama iliandikwa. Ilivamiwa Aprili 8, 2009 ikielekea Mombasa, shehena yake ikijumuisha chakula cha msaada, na Hollywood ikaja kumtengenezea filamu nahodha wake. Kuhusu mabaharia wanane Wakenya wa Semlow sijaona filamu.

Wakazi wa Isiolo hawahitaji kuelezwa maana ya kusindikizwa. Kwa miaka mingi kabla ya barabara ya Isiolo kwenda Moyale kutiwa lami, malori na mabasi yalisubiriana ili yasafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, kwa kuhofia majambazi. Aliyeukosa msafara alilala njiani. Na bidhaa zilizochelewa zilifika zikiwa na bei mpya, kwa kuwa dereva, utingo na askari wote walikula safarini. Ghuba ya Aden ilipangwa vivyo hivyo. Mwaka 2009 uliwekwa ushoroba maalumu, meli zikagawanywa katika makundi kulingana na kasi zake, kila kundi likapewa saa ya kuingia ili meli zote zipite kwa pamoja sehemu yenye hatari zaidi. Taarifa zilikusanywa na ofisi ya jeshi la wanamaji la Uingereza iliyokuwa Dubai.

Ndani ya meli zenyewe, mabaharia walifundishwa mbinu ambazo leo zimezoeleka. Meli huongeza mwendo, maana maharamia walishindwa kuzipanda zile zilizokwenda kasi ya maili 18 za baharini kwa saa au zaidi. Huzungushiwa seng'enge ya nyembe ubavuni, mipira ya maji hufunguliwa kwa nguvu, walinzi wa zamu huongezwa, na hutengwa chumba kilichoimarishwa, chenye chakula na simu ya setilaiti, ambamo mabaharia wote hujifungia maharamia wakifanikiwa kupanda. Takriban mwaka 2011 kampuni nyingi ziliongeza walinzi wenye bunduki. Ulinzi huo nao haukukosa maafa: Februari 2012 wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta ya Enrica Lexie waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili wa India waliodhaniwa kuwa maharamia. Wavuvi wa Kisomali, ambao kwa muda mrefu wamelalamika kwamba meli za kigeni huvua samaki katika maji yao bila idhini, walikuwa na kila sababu ya kuogopa kukosewa namna hiyo.

Gharama ilikuwa kubwa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 maharamia wa pembe hii ya Afrika walilipwa fidia ya dola milioni 339 hadi 413. Baada ya hapo utekaji ulipungua sana, na Januari 1, 2023 mashirika ya wenye meli yaliliondoa eneo la Bahari Hindi katika orodha yao ya maeneo yenye hatari kuu. Mwaka haujaisha, Desemba 14, 2023, maharamia wakaiteka MV Ruen. Machi 2024 wakaiteka MV Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu.

Walirudi kwa sababu macho ya walinzi yalikuwa yamehamia kwingine. Mnamo Novemba 19, 2023 Wahouthi wa Yemen walitumia helikopta kuiteka meli ya kubeba magari ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, wakisema wanaiadhibu Israeli kwa vita vya Gaza. Mabaharia wake 25 hawakuachiliwa hadi Januari 2025. Katika muda huo zaidi ya meli 100 za kibiashara zilishambuliwa kwa makombora, ndege zisizo na rubani na mashua zilizojaa vilipuzi. Rubymar, iliyobeba takriban tani 21,000 za mbolea, ilizama Machi 2, 2024. Siku nne baadaye mabaharia watatu waliuawa katika True Confidence. Juni ikazama Tutor.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo hotuba nyingi huyachanganya. Haramia anaitaka meli ikiwa nzima na mabaharia wake wakiwa hai, kwa kuwa ndiyo bidhaa anayoiuza. Mrusha kombora anaridhika meli ikiwaka. Seng'enge haizuii kombora, mwendo wa kasi haulishindi, na chumba cha kujifungia kinaweza kuwa kaburi. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 2024 baadhi ya manahodha walianza kutangaza kupitia mitambo ya utambulisho ya meli zao kwamba hawana uhusiano wowote na Israeli, au kwamba mabaharia wote ni Wachina. Wengine waliizima mitambo hiyo kabisa, wakajiongezea hatari ya kugongana gizani katika mlango wa Bab el-Mandeb, ambao upana wake ni kilomita 30 hivi. Marekani ilianzisha operesheni ya ulinzi Desemba 2023, Umoja wa Ulaya ukaanzisha ya kwake, Aspides, Februari 2024. Manowari ziliangusha makombora mengi. Lakini meli nyingi za kontena hazikungoja. Zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mapato ya Mfereji wa Suez yaliporomoka kutoka dola bilioni 10.2 mwaka 2023 hadi karibu dola bilioni 4 mwaka 2024.

Kisha Julai 2025, baada ya kimya cha miezi kadhaa, Wahouthi walizizamisha meli mbili katika wiki moja, Magic Seas na Eternity C. Hii ya pili inatuhusu moja kwa moja. Ilikuwa imetoka Berbera kushusha shehena ya WFP, nayo ilikuwa njiani kwenda Jeddah. Baadhi ya mabaharia wake waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Huko Bahari ya Shamu, chakula ulichobeba hakikukinga. Kilichotazamwa ni kampuni inayoimiliki meli na bandari ambazo meli zake nyingine zimewahi kutembelea. Mashambulizi yalitulia baada ya makubaliano ya kusitisha vita Gaza ya Oktoba 2025, lakini maajenti wa bima hawasahau upesi kama wanasiasa.

Tuje basi kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu hutishana bila kalamu. Meli inayoingia eneo la vita hulipiwa bima ya ziada kwa kila safari, nayo hukadiriwa kama asilimia ya thamani ya chombo. Kabla ya Novemba 2023 kiwango cha Bahari ya Shamu kilikuwa chini ya asilimia 0.1, mapema mwaka 2024 kilifika asilimia 0.7 na hata 1. Chukua mfano wa meli yenye thamani ya dola milioni 30 iliyobeba tani 30,000 za ngano. Kwa kiwango cha asilimia 0.05 hulipa dola 15,000. Kwa asilimia 0.7 hulipa dola 210,000. Tofauti ni dola 195,000, yaani dola 6.50 kwa tani. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni takriban senti 85 kwa kilo, au shilingi 1.70 kwa pakiti ya kilo mbili.

Ni kidogo, na mfanyabiashara anayeongeza shilingi ishirini kwenye pakiti kisha akawasingizia Wahouthi anastahili kuulizwa maswali. Hata ukiongeza gharama ya kuizunguka Afrika, safari ambayo kwa meli inayotoka Bahari Nyeusi kuja Mombasa huchukua zaidi ya wiki mbili za ziada, bado nyongeza ya baharini ni shilingi chache kwa kilo. Bei ya Sericho hupandishwa zaidi na safari ya nchi kavu, kutoka Mombasa hadi viwanda vya unga, hadi kwa wauzaji wa jumla wa Isiolo, hadi kwenye lori la mwisho linalopita njia ya vumbi. Lakini kila hatua ya safari hiyo inakunywa mafuta, na mafuta nayo ni bahari. Kwa miaka mingi Kenya imeyapata hasa kutoka nchi za Ghuba. Meli zake hazilazimiki kupita Bab el-Mandeb. Hutegemea Hormuz, mlango mwingine ambao haujawahi kuwa na utulivu wa kudumu tangu meli za mafuta ziliposhambuliwa humo katika vita vya Iran na Iraq vya miaka ya 1980.

Kwa hivyo nyongeza ndogo ya baharini hujirudia mara kadhaa kabla ya kufika dukani, na humwangukia mtu asiye na pa kuipeleka. Isiolo iliongezwa katika awamu ya tatu ya mpango wa serikali wa kuzipa fedha familia zinazokabiliwa na njaa, HSNP. Malipo yaliyowekwa yalikuwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, sawa na 2,700 kwa mwezi. Mpango huo umesifiwa, na ni haki usifiwe, kwa kuwa mtu mwenye fedha mkononi huchagua anachokihitaji. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi. Enzi za magunia ya msaada, bei ya meli ilipopanda mfadhili ndiye aliyeumia; familia ilipata kilo zile zile, zikifika. Enzi za fedha, kiwango hakibadiliki na kilo ndizo zinazopungua. Hatari ya baharini imehamishwa kimyakimya kutoka kwa mashirika makubwa hadi kwa mama wa Sericho anayehesabu noti zake mbele ya kaunta.

Fikiria pia wakati ambapo hatari hiyo hugonga. Uhuru Kenyatta, akiwa Rais, alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na misimu mitano ya mvua ilikuwa imekauka kufikia mwisho wa 2022. Zaidi ya mifugo milioni 2.5 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Ukame huo ulipokuwa ukipamba moto, Februari 2022, Urusi iliivamia Ukraine na bandari zake za Bahari Nyeusi zikafungwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hupima hali ya wafugaji kwa kutazama mbuzi mmoja anaweza kununua kilo ngapi za mahindi. Katika mwaka kama ule mizani hiyo huvutwa pande zote mbili: mbuzi amekonda na bei yake imeanguka, na nafaka imepanda.

Bahari Nyeusi ilitupa pia mfano wa njia nyingine ya kulinda meli, isiyotegemea bunduki. Julai 22, 2022, mjini Istanbul, Umoja wa Mataifa na Uturuki ziliwashawishi mahasimu kukubaliana juu ya ushoroba wa nafaka. Meli zilikaguliwa na timu ya pamoja zikienda na kurudi. Agosti 16 meli ya Brave Commander ilitoka Ukraine na tani 23,000 za ngano ya WFP kwa ajili ya Ethiopia, ikashusha Djibouti mwisho wa mwezi. Katika mwaka mmoja karibu tani milioni 33 za nafaka zilipita. Urusi ilipojitoa Julai 17, 2023, Katibu wa Wizara ya Mashauri ya Kigeni wa Kenya, Korir Sing'oei, aliufananisha uamuzi huo na kuchomwa kisu mgongoni. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo Kenya haikuwa na kiti katika meza ya Istanbul, na mkataba ulifanywa wa miezi michache michache, ukawa chombo cha kushinikizana kila ulipokaribia kuisha.

Kwa maoni yangu, tunalo la kufanya kabla ya bahari kuchafuka tena. Kenya iliketi katika Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, kwa zaidi ya miaka ishirini. Inaweza kulitumia shirika hilo kudai kwamba meli zinazobeba chakula cha msaada, na mabaharia wake, ziwe na hadhi inayotambuliwa na kila upande wa vita, mithili ya magari ya wagonjwa nchi kavu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Eternity C ilionyesha pengo hilo. Hakuna hakika kwamba Wahouthi au wengine wataiheshimu alama hiyo, lakini bila alama hakuna hata la kuwalaumia.

Nyumbani, ghala la taifa limezoea kuhifadhi mahindi, ilhali kitu kinachokwama baharini ni ngano, mchele na mafuta. Akiba ya bidhaa hizo ya miezi miwili au mitatu ingetosha kuzivusha wiki za meli kuizunguka Afrika. Bandari ya Lamu, iliyofungua gati yake ya kwanza Mei 2021, na barabara inayokusudiwa kuiunganisha na Isiolo kupitia Garissa, zitapunguza safari ya nchi kavu siku zitakapotumika ipasavyo. Ila Lamu iko karibu zaidi na mpaka wa Somalia kuliko Mombasa, na atakayeitetea bandari hiyo bila kutaja ulinzi wake wa baharini anaeleza nusu ya hoja.

Lililo jepesi kuliko yote ni lile la fedha za HSNP. NDMA tayari hukusanya bei za sokoni kila mwezi, Isiolo ikiwemo. Kiwango cha malipo kingeweza kufungamanishwa na bei hizo, kipande unga na mafuta ya kupikia vinapopanda na kishuke vinaposhuka, bila kungoja janga litangazwe Nairobi. Hazina ya Kitaifa itasema haina fedha. Basi ieleze ni kwa hesabu gani familia inayoishi kwa shilingi 2,700 kwa mwezi ndiyo yenye uwezo wa kuilipa bima ya meli.